Mlango wa Nyuma Kwenye Mkeka

Mwaka ule migomba haikuzaa, tukala unga wa njano. Sisi, watu wa ndizi, tulisonga ugali wa mahindi ya msaada yaliyokuja kwa meli tukaufunika kwa jani la mgomba ili jirani akipita adhani ni matoke (na jirani naye alikuwa ameufunika wa kwake), kwa hiyo aibu ya ugali ilikuwa ya wote, ila hii ninayowapa leo ni yangu mwenyewe, na mpaka sasa nikiikumbuka masikio yanapata moto.

Mimi niliishia darasa la pili, lakini mikono yangu ilisoma zaidi. Muleba nzima hakukuwa na mwanamke wa kunipita kwa kusuka mkeka, na nasema hivyo kwa kuwa ni kweli. Wenzangu walisuka mistari na vidirisha. Mimi nilisuka watu.

Mwanangu Adela alikuwa ameolewa na Laurenti, muuzaji wa duka la kijiji. Sukari ikija, wanawake tunapanga mstari mlango wa mbele mpaka jua la utosi, halafu Laurenti anatoka, anasema imekwisha, na sote tunajua inatokea mlango wa nyuma kwa anaowajua yeye. Ningemwambia nini? Ni mkwe wangu! Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni. Nikimwona njiani naingia migombani mpaka apite. Basi nikasema kwa ukindu. Nikasuka duka, mbele mstari wa wanawake wembamba kama njiti, nyuma mwanamke mmoja anatoka na furushi kichwani, nikampelekea Adela. Nikawaza, Laurenti ataulalia, ataona haya, ataacha. Ndivyo tu.

Wiki ileile akaja mgeni kutoka Bukoba, mkubwa wa kukagua vijiji, na wanawake wakaambiwa walete mikeka mizuri ya kumtandikia. Adela, masikini, alijivunia mkeka wa mama yake kuliko alivyoutazama, akauleta. Nilipofika uwanjani mgeni ameshavua viatu, ameukalia ule mstari wa wanawake, na mlango wa nyuma uko mbele ya magoti yake. Laurenti amesimama na viongozi. Nikajifunika kanga kichwani, nikajibanza nyuma ya wenzangu.

"Ndugu mwenyekiti, hii ni nyumba gani?"

Mwenyekiti wetu akainama, akatazama, jasho likamtoka. "Ni kanisa, ndugu. Huku mlango wa wanaume, huku wa wanawake."

"Na huyu mwenye mzigo?"

"Ni sadaka."

"Sadaka inatoka kanisani?"

Watu wakacheka. Mgeni hakucheka. Adela alikuwa ameshaelewa. Mtoto mgongoni, ananitazama na kuniomba bila sauti. Siku hizo aliyekutwa ameficha sukari ya kijiji alipakiwa kwenye gari, na kurudi ni kwa kudra. Ningenyamaza tu, kanisa lingebaki kanisa na mume wake angelala nyumbani.

Ndipo Felista, jirani yangu, ulimi wembe, akapaza sauti: "Waitu, jamani, huyo wa sadaka mbona kavaa zambarau? Kanga ya zambarau hapa kijijini si ni moja?"

Macho yote yakageuka. Na mimi nimejifunika nini? Hiyohiyo. (Nilijiambia nimemsuka kwa zambarau kwa kuwa rangi nyekundu iliniishia. Uongo. Nilikwenda mlango ule, mara moja, jioni, na mikono ikakumbuka hata nilipotaka kusahau.)

Mwenyekiti akanisogelea na kisu cha kumenyea ndizi alichoazima kwa wapishi, akaninong'oneza, "Mama, mtoe huyo wa zambarau, upesi, tuseme ulikosea."

"Nilichosuka sifumui."

"Basi ni nani?" mgeni akauliza.

"Ni mimi. Na hilo si kanisa, ni duka."

Kanga ikanianguka mabegani, nikajikuta uso kwa uso na mkwe wangu. Mawe, mama yangu! Miaka minne kamwoa mwanangu, siku hiyo ndiyo nilijua ana mwanya, na kwamba bado ni kijana, na kwamba analia.

Duka likafunguliwa, magunia ya sukari yakaonekana. Gari halikumchukua, mgeni alisema mwizi na shahidi wamekula chungu kimoja, basi walime pamoja. Laurenti akanyang'anywa ufunguo, tukapewa shamba la kahawa la kijiji msimu mzima, mimi na mkwe wangu, tukilima tumepeana migongo, na Felista akipita anauliza, "Wakwe, mmeshasalimiana?" Adela hakunisalimu mpaka migomba ilipozaa tena.

Nilichojifunza ni hiki: ukitaka kumsema mtu, kwanza jitazame umevaa nini. Mkeka mwingine wa kumsema mkwe sijasuka, wala sitasuka.

Ule wa kwanza Adela anao bado. Wajukuu wanauliza yule wa nyuma ni nani, naye anaona haya kwa niaba yangu. Juzi kaniletea kisu. "Mama, umezeeka kwa heshima. Mtoe basi yule wa zambarau."

"Nilichosuka sifumui."