Kadi Kumi na Nne Ndani ya Ndoo ya Ndengu

Kadi kumi na nne za zawadi zilipatikana ndani ya ndoo ya mbegu za ndengu nyumbani kwa Joyline Karwirwa, na hakuna hata moja iliyokuwa yake. Kaunti inataka kujua kama aliziiba. Jumanne ijayo atasimama mbele ya kamati mjini Embu kujibu.

Ni saa mbili asubuhi, nje kidogo ya soko la Gachoka. Karwirwa, mwenye umri wa miaka 47, ameketi kwenye kigoda akiwa na ungo magotini, anachagua ndengu. Pikipiki inapunguza mwendo barabarani. Mikono yake inasimama. Pikipiki inapita. Mikono inaanza tena.

"Kila nikisikia pikipiki nafikiri ni polisi," anasema. "Au ni bwana wa mtu."

Kwa miaka tisa amekuwa mhudumu wa afya ya jamii. Anapita boma kwa boma, anapima watoto na kuwasukuma wajawazito waende kliniki. Posho yake ni shilingi elfu tano kwa mwezi, na si kila mwezi inafika.

Mwaka jana kaunti ilileta mradi wa lishe. Mama mjamzito akienda kliniki mara nne, anapewa kadi ya shilingi elfu tatu ya kununua vitu vya mtoto kwenye supamaketi moja mjini Embu. Kadi haina jina. Anayeishika ndiye anayenunua.

Wanaume walijua bei yake mapema. Kwenye baa ilinunuliwa kwa elfu moja na mia tano, na jioni hiyo hiyo pesa ikageuka pombe na muguka, majani ya kutafuna.

Basi wanawake wakafanya walivyozoea. Karwirwa ni Mmeru wa Nkubu, aliolewa hapa. Hana dada Gachoka, hana shangazi, hana mtu wa kumpelekea maneno. Mke aliyetoka mbali ndiye anayewekewa vitu ambavyo havifai kuonekana. Kabla ya kadi walimwekea pesa za chama cha akiba, hata kitambulisho cha msichana aliyetaka kutoroka ndoa.

"Mtu anakuja na sufuria, anasema amekuja kuomba moto," anasema Karwirwa. "Akienda ameacha kitu chini ya mkeka. Hatuongei. Siku ya kwenda Embu kujifungua, nampeleka mpaka stendi na kadi yake namtia mkononi."

Sheria ya mradi inasema kadi isilale kwa mhudumu hata usiku mmoja. Alifundishwa hivyo kwenye ukumbi mmoja mtaa wa Dallas, mjini Embu, akapewa soda na cheti.

"Niliisikia," anasema. "Lakini waliofundisha hawakai hapa."

Wakaguzi walifika mwezi wa pili bila taarifa. Katika wadi nyingine kadi zilikuwa zimeuzwa kwa mafungu, na wawakilishi wa bunge la kaunti walitaka kila nyumba ya mhudumu ikaguliwe. Mkaguzi Hezekiah Kaimenyi ndiye aliyetia mkono ndani ya ndoo.

"Mama, hizi ni za nani?"

"Za wenyewe."

"Wenyewe wako wapi?"

"Kwao."

"Na kwa nini haziko kwao?"

Karwirwa angejibu, angewataja waume wa watu mbele ya chifu aliyekuja na wakaguzi, na chifu ni mtu wa ukoo wa waume hao.

Kaimenyi akasema atawapigia simu wenye kadi, kwa kuwa nambari zao ziko mradini. Hapo Karwirwa akapiga magoti.

"Nilimshika suruali," anasema. "Nikamwambia, mwanangu, nifunge mimi, lakini usipige hizo simu."

Kaimenyi anakumbuka magoti hayo. "Mtu akikusihi hivyo, unajua kuna kitu anaficha," aliniambia ofisini mwake. "Nilipiga jioni hiyo hiyo, kabla hajawapanga."

Akina mama wengi hawakuwa na simu. Walipoandikishwa mradini walitoa nambari za waume zao. Simu ya Kaimenyi ikaingia mfukoni mwa mwanaume mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja aliulizwa kwa adabu kama mke wake alipokea kadi ya shilingi elfu tatu.

"Kazi yangu ni kuuliza mwenye kadi kama aliipata," anasema. "Ningejuaje kwamba simu ni ya bwana?"

Nilimuuliza kama angefanya tofauti leo. Alipanga karatasi zake mezani. "Ningekwenda mwenyewe," akasema. Kisha akasema hilo halibadilishi kwamba kadi zilikuwa ndooni.

Tukiwa bado uani, mwanamke anatokea nyuma ya nyumba, katikati ya mimea ya muguka. Hapiti langoni siku hizi. Tutamwita Wawira. Ana mimba ya miezi minane na leso ameifunga mpaka mdomoni.

"Mama Kithaka, huyu ni nani?" anauliza. Kithaka ni kifungua mimba wa Karwirwa.

"Ni wa gazeti. Jina lako haandiki. Langu aandike."

Wawira anakaa chini, lakini anatazama njia. Mume wake alipokea simu akiwa sokoni, anasema, na akarudi nyumbani akikimbia.

"Akaniuliza, elfu tatu iko wapi? Nikamwambia iko kwa Mama Kithaka. Akasema, kumbe Mama Kithaka ndiye bwana yako?" Anacheka, kisha anafunika mdomo upesi. "Sasa nacheka na mkono mdomoni kama bibi harusi."

Karwirwa hacheki.

Kivuti, mume wa Karwirwa, anatoka shambani na gunia begani. Anatusalimu, anamtazama Wawira, anageuza macho.

"Nimelala karibu na elfu arobaini na mbili nikikopa sabuni dukani," anasema. "Hata mimi hukuniambia."

"Wewe ni mwanaume wa hapa."

"Miaka ishirini na tatu tumelala kitanda kimoja."

"Kitanda, ndiyo," anasema Karwirwa. "Na baa unaenda na nani?"

Kivuti anaweka gunia chini. Usiku, Karwirwa anasimulia baadaye, ni Kivuti anayeamka kuangalia kama komeo limefungwa.

Kamati ikimwona na hatia, atafutwa kazi na jalada litapelekwa polisi. Kinachoweza kumwokoa ni kinywa cha mama yeyote atakayesema mbele ya watu kwamba alimpa kadi kwa hiari yake, na kwa nini. Wanne wamesema watakuja. Wawira ni mmoja wao.

"Nitasema," anasema. "Lakini nikimaliza kusema, narudi nyumba gani?"

Karwirwa anataka kuiomba kamati mambo mawili. Kwanza, akina mama waulizwe kliniki na muuguzi, mlango ukiwa umefungwa, na si kwa simu. Pili, kadi zirudishiwe wenyewe kabla hawajajifungua. Kuhusu yeye mwenyewe hajapanga kuomba chochote.

"Wakinifunga, wanifunge," anasema. "Ninachoogopa ni kutoka huko nikute hakuna anayeniletea sufuria tena."

Pikipiki nyingine inapunguza mwendo. Wawira amekwisha kuingia kwenye muguka.

Nilipoondoka Gachoka mambo yalikuwa hivi. Kadi kumi na nne ziko kwenye bahasha ya kaunti na hazinunui kitu. Posho ya Karwirwa imezuiwa tangu ukaguzi. Simu kumi na moja zilipokewa na wanaume. Wanawake wawili wamerudi kwa wazazi wao. Sita wameacha kliniki, na mmoja wao amejifungulia nyumbani, mtoto akafungwa kwa shati la baba yake. Na Wawira hana meno mawili ya mbele.