Upande wa Bosi

Mjini Kilosa hapakuwa na fundi aliyeijua Landrova kumshinda Kasian, na hapakuwa na mtu aliyelijua jambo hilo vizuri kuliko Kasian mwenyewe. Alimaliza shule kwa wamisionari, akaingia karakana ya shamba la mkonge, akakaa humo miaka ishirini na minane. Kila alichopima alikiandika kwenye daftari la jalada gumu. Watu aliwadharau kimyakimya, bila matusi, na kanuni yake ilikuwa moja: asiyeuliza haambiwi. Mwaka 1979 meneja mgeni aliamuru trekta litoke, na Kasian alikuwa ameshaona rejeta inavuja. Meneja hakuuliza. Trekta likafia njiani, na Kasian akaandika tarehe.

Shamba lilipouzwa mwaka 1994 watu wakapunguzwa, naye akawemo. Fundi wa Landrova akawa anaziba pancha za baiskeli mbele ya nyumba yake, huku mkewe Odilia akiuza mchicha sokoni. Waliofika na baiskeli aliwapokea kwa macho ya mtu aliyeletewa chakula cha jana.

Mwaka uliofuata akaja Rafaeli. Huyu alianza na mitumba, akahamia mpunga, kisha mafuta ya kupikia. Kwa maoni ya Kasian, aliweza kuuza kitu chochote kwa sababu hakukijua hata kimoja. Sasa alikuwa amenunua kwenye mnada Landrova ile ile ya shamba, yenye shasisi ndefu, ambayo Kasian aliitunza tangu ikiwa mpya. Hoteli moja ilikuwa inafunguliwa Mikumi na ilitafuta gari la kukodi la kuwapeleka watalii mbugani. Rafaeli aliona magari ya watalii yamesimama juu kama mbuni, akasafiri hadi Dar es Salaam, akarudi na springi nne mpya zilizopinda zaidi kuliko za zamani, ili Landrova nayo inyanyuke.

Alimwambia Kasian kwamba Jumamosi meneja wa hoteli ataikagua. Ikipita, Kasian ndiye atakuwa fundi wake, kwa mshahara wa kila mwezi na chumba huko huko Mikumi. Odilia alipopewa habari hiyo aliweka chini ungo wa mchele na kumtazama mumewe usoni, jambo ambalo hakuwa amelifanya siku nyingi.

Kasian akalipandisha gari kwa jeki na kulikalisha juu ya mataruma ya zamani ya reli. Yubolti zinazobana springi kwenye ekseli zilikuwa zimeliwa na kutu, akazilowesha dizeli siku nzima kabla ya kuzigusa. Aliona kwamba ekseli ikishuka mipira ya breki itavutika, akatafuta mirefu zaidi bila kuambiwa na mtu. Gari hakulidharau kamwe. Kisha akazilaza springi mpya chini, akazipima kwa uzi na rula. Katika kila jozi, moja ilikuwa imepinda zaidi ya mwenzake kwa sentimeta moja na nusu. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Ndivyo zinavyotengenezwa: upande wa kulia hukaa dereva, na chini ya kiti chake kuna tangi la mafuta, kwa hiyo springi ya kulia hupewa mgongo mkubwa ili ikishabeba mzigo gari likae sawa. Akaandika kwa chaki ipi ni ya kulia, ipi ya kushoto.

Alikuwa anaokota spana Rafaeli alipoingia. Alikuwa mdogo kiasi cha kuzaliwa na Kasian, lakini hakuamkia.

"Vipi fundi." Akainama juu ya springi. "Mbona hii ndefu na hii fupi? Wamenipiga Wahindi?"

"Hazina kasoro," Kasian akajibu.

Hapo alinyamaza, akingoja swali la pili, ambalo hata mtoto wa darasa la tatu angeliuliza. Rafaeli hakuuliza. Alisoma maandishi ya chaki, akafikiri, na fikra zake zikamfurahisha.

"Ndefu umezipanga kwa dereva? Dereva ni mfanyakazi, mzee. Bosi anakaa kushoto, na mgeni hivyo hivyo. Ndefu zote zije kushoto. Mtu aliyelipa akae juu."

Kasian alimtazama kuanzia viatu hadi kofia. Sentensi moja ingetosha. Aliiona ilivyokaa mdomoni, fupi, imekamilika, na akaona ni hasara kuitumia kwa mtu kama huyu.

"Sawa, bosi," akasema, akafuta chaki kwa kiganja.

Akazifunga kama alivyoamriwa, kwa ustadi ule ule, kila nati kwa nguvu yake. Gari lilipotua chini lilikuwa refu kweli. Tangi lilikuwa tupu na dereva hakuwemo, kwa hiyo kuegama kulikuwa kudogo, na Rafaeli aliyekuwa akilizunguka na kulipigapiga ubavu hakukuona.

Jumamosi wakaenda Mikumi, Rafaeli ameketi kushoto juu kama jumbe, dereva chini yake, Kasian nyuma na sanduku la spana. Kwenye kituo cha mafuta cha barabara kuu tangi likajazwa. Walipoingia uwanja wa hoteli, Landrova ilikuwa imelala kulia kama mlevi anayetafuta ukuta.

Meneja wa hoteli aliitwa Lupakisyo, kijana mpole mwenye shati lililopigwa pasi. Rafaeli alimpa shikamoo, yeye aliyekuwa mkubwa kwake, na Kasian akaona aibu kwa niaba yake, kisha akafurahi. Lupakisyo alikwenda nyuma ya gari, akasimama, akainamisha kichwa upande mmoja.

"Hii gari inaumwa nyonga?"

Rafaeli alitazama, akaona kwa mara ya kwanza, na bila kuchelewa akanyoosha kidole. "Muulize huyu mzee wa mkonge. Ndiye kafunga."

Lupakisyo akamgeukia Kasian. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Shasisi imepinda, au ni springi?"

Mwaka mzima Kasian hakuwa ameulizwa swali la maana. Akajibu yote: uzi na rula, dereva na tangi, kulia na kushoto, kwamba zikibadilishwa upande, kazi ya nusu siku, gari litasimama wima kama meza. Alifungua hadi daftari. Lupakisyo alisikiliza mpaka mwisho, na alipouona ukurasa wenye vipimo akausoma mara mbili.

"Kwa hiyo ulijua kabla ya kufunga."

"Nilijua."

"Na hukumwambia."

"Hakuuliza."

Lupakisyo alilifunga daftari taratibu na kumrudishia kwa mikono miwili. "Mzee wangu, kazi unaijua. Lakini mimi napeleka watu porini. Fundi anayeona na kunyamaza siwezi kukaa naye." Kisha akamwambia Rafaeli alilete gari likiwa limenyooka, atalichukua.

Fundi wa kando ya barabara kuu alizibadilisha springi siku ile ile, na Kasian akarudi Kilosa juu ya lori la vitunguu, sanduku likiwa mapajani. Rafaeli alipata mkataba. Hadi leo akipita Kilosa huonekana ameketi kushoto, gari liko sawa kabisa, naye, kwa maoni ya Kasian, hajui kwa nini.

Odilia alihadithiwa yote, pamoja na vipimo. Kasian alimweleza kwamba yubolti zile zimekazwa ovyo, kwamba hoteli ile imechagua mpumbavu ikaacha fundi, na kwamba yeye hana kosa, kwani hakuna aliyemuuliza. Odilia alimsikiliza huku akifunga mafungu ya mchicha. Alipomaliza la mwisho alijitwika beseni na kusimama.

"Hujaniuliza," akasema, "lakini unga umekwisha."