Mbwa Aliyewang'ata Wenye Adabu

Mbwa wangu hakuwahi kumng'ata mwizi hata mmoja. Aliwang'ata wenye adabu, na kazi hiyo nilimfundisha mimi mwenyewe, tena kwa kujisifu.

Nina karasha hapa Bugarama, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, na uani kwangu viroba vya mawe hupangwa hadi karibu na mlango wa jikoni. Mawe hayo hayaibiwi na mtu mwenye bunduki. Huibiwa na anayepita kukujulia hali, akainama kufunga kamba ya kiatu, akainuka na kipande mfukoni. Kwa hiyo nilipoletewa mtoto wa mbwa nilikuwa na mpango tayari: anayeinama uani, ashikwe.

Alipokuwa mdogo alitutafuna vidole, tukacheka. Alivuta kitenge cha mke wangu kwa meno, nikampa mfupa. Nilimtilia pilipili kwenye ugali, kwa sababu kila mtu hapa anajua pilipili huongeza ukali, ingawa sijakutana na anayeweza kueleza inauongezaje. Mchana nilimfungia bandani asizoee watu. Jioni vibarua wangu waliinama kwa zamu kando ya viroba, nami namchochea: kamata! Baada ya miezi michache alikuwa anaruka kabla goti la mtu halijagusa ardhi. Nilitembea kifua mbele kama niliyejifungua mapacha.

Jambo moja halikunijia kichwani, na mimi ni Msukuma niliyezaliwa kwa Wasukuma. Kwetu mwanamke anayekuheshimu hupiga goti kukusalimia. Mgeni wa kwanza, mama wa nyumba ya pili, alikunja goti kumsalimia mke wangu akaacha nusu ya kanga yake mdomoni mwa mbwa. Wa pili alikuwa mzee wa kanisa aliyeinama kuokota fimbo yake. Siku hizohizo mtu mmoja aliingia wima, akachukua kiroba cha juu kabisa bila kupinda mgongo, akatoka wima. Majirani waliomwona walisema mbwa alimsindikiza hadi getini akitikisa mkia.

Hata hapo sikushtuka. Nilisema bado anajifunza.

Kisha ikaja zamu ya mke wa mwanangu. Wanaishi nyumba ya nyuma, hapohapo uani, na alikuwa na mimba ya miezi saba, mjukuu wangu wa kwanza. Mchana ule alileta maji ninawe kabla ya kula, akapiga magoti na jagi mkononi kama alivyolelewa kwao Kishapu. Mbwa, ambaye nilikuwa nimesahau kumfungia, alimrukia akamshika mkono. Damu ilichanganyika na maji kwenye beseni. Na neno la kwanza lililonitoka mimi, baba mkwe, lilikuwa, "Si nilishasema msimzoee huyu mbwa!"

Mke wangu ndiye aliyemwosha kidonda kwa sabuni na maji mengi ya bomba, mwanangu akampeleka kituo cha afya akaanza sindano za kichaa cha mbwa. Mimi nilitoa kitenge kipya, mke wangu akakipeleka. Alipomaliza sindano mkwe wangu alikwenda kwa mama yake Kishapu kujifungua. Akajifungua salama. Miezi miwili ikapita, wa tatu ukaanza, na kila nikimuuliza mwanangu lini wanarudi, alijibu, "Bado, baba." Mjukuu nilimwona kwenye simu ya mwanangu tu, amefumba macho.

Nilikuwa na hakika kinachowazuia ni mbwa. Wengine walinishauri nimuue. Nilikataa, si kwa huruma, bali kwa sababu kumuua ni kukiri kwamba nilikosea.

Nikamwita mtaalamu wa mifugo wa kata, binti wa umri wa mwanangu. Aliniuliza nani alimfundisha. Nikamwambia kazaliwa hivyo. Alitazama viroba, akatazama mbwa aliyefungwa kamba mtini, akainama kidogo tu. Mbwa karibu ang'oe mti.

"Mzee," alisema, "huyu hana kosa. Amefaulu mtihani wako. Alipokuwa anawatafuna vidole mngelia kidogo na kuacha mchezo, angejua ngozi ya mtu si ya meno. Sasa itabidi umfundishe upya: mtu akiinama, kinakuja chakula."

"Nani atainama?"

"Wewe. Ndiwe unayempa chakula."

Basi mimi, mwenye karasha na ng'ombe, ninayesalimiwa kwa magoti na nusu ya mtaa, nikaanza kumpigia mbwa magoti. Asubuhi na jioni, na mkono umejaa dagaa. Kwanza kwa mbali, namrushia. Kila alipotulia nasogea hatua moja. Aliponguruma nikachukua fimbo, binti akaninyang'anya. Alisema akinguruma anaomba umpishe. Ukimpiga akaacha kunguruma, kesho atang'ata bila kuomba. Pilipili ilikoma, na banda likaachwa wazi, mbwa kwenye kamba ndefu aone watu. Vibarua nao waliinama na dagaa zao, na kila mtu mtaani aliyekuwa na shughuli alipata sababu ya kupita kwangu saa ya magoti.

"Mzee, usitusahau kwenye maombi!" walipaza sauti kutoka uzioni.

Niliwatukana kimoyomoyo na nikaendelea, kwa sababu nilimtaka mjukuu wangu. Siku moja mbwa alichukua dagaa kiganjani mwangu kwa midomo, taratibu, nami macho yakanilowa. Jioni hiyo nilimwambia mwanangu akamlete mkewe, mbwa amepona.

Walikuja Jumamosi mchana, mtoto mgongoni. Mbwa alikuwa kwenye kamba, na mimi nimesimama katikati. "Usipige goti, mama," nilimwahi. Akapiga hivyohivyo, maana adabu yake haikuwa ya kuagizwa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

Mbwa alikaa chini akimtazama mkono, akisubiri dagaa. Sijawahi kupumua vizuri vile. Nikamwambia mkwe wangu, kwa fahari yote, "Umeona? Nimempigia magoti huyu kila siku, kwa ajili yako."

"Mama aliniambia," alisema akimtazama mke wangu, bado yuko chini. Kovu la mkono lilionekana. "Lakini baba, mbwa sikuwa na neno naye. Nilikuwa nasubiri pole yako tu."

Mwanangu alitazama pembeni. Mke wangu hakunisaidia. Nilijaribu kukumbuka kama kweli sikuwahi kusema, na kweli sikuwahi.

Nikapiga magoti palepale mbele yake. Mbwa alipoona hivyo alikuja mbio, kamba ikimruhusu, akakaa kati yetu akinitazama mkono mtupu. Pole yangu ikabidi niitoe juu ya kichwa cha mbwa. Mkwe wangu akasema ahsante baba, akafungua kanga mgongoni, akanipa mtoto.