Yakubu na tundu la turbo ya Mama Aicha

Kwanza inasikika tupa. Inakwaruza mara tatu, inanyamaza. Inakwaruza tena, inanyamaza kwa muda mrefu zaidi. Sauti inatoka nyuma ya ukuta wa mabati huko Kawale, Lilongwe, na wauza nyanya wa upande wa pili wameizoea kiasi kwamba hawageuzi vichwa.

Nyuma ya mabati hayo amesimama Yakubu Ramazani, mkimbizi kutoka Kindu, fundi wa magari mwenye umri wa miaka thelathini na minne. Mbele yake, kwenye jiriwa, kimebanwa kipande cha chuma cheusi kinachofanana na konokono mkubwa. Kila anaponyamazisha tupa, anaingiza kidole kwenye tundu lililo ubavuni mwa chuma hicho na kufumba macho.

Tupa ameipaka grisi. "Grisi inashika unga ya chuma," anasema kwa Kiswahili cha kwao Kindu. "Unga ikibakia mule ndani, siku ya kuwasha injini njo siku ya kuizika."

Chuma hicho ni nyumba ya turbo. Moshi wa injini huingia humo, ukazungusha gurudumu dogo, na gurudumu hilo husukumia injini hewa ya ziada. Gari hupata nguvu. Ili nguvu isizidi, pembeni kuna tundu lenye kifuniko. Presha ikifika kiwango chake, kifuniko hufunguka na moshi mwingine hupita kando bila kuzungusha kitu.

Tundu hilo ndilo Yakubu analolipanua. Akikosea, hakuna turbo nyingine. Ameulizia turbo ya aina hiyo Lilongwe nzima na hakuna anayeiuza.

Gari si lake. Ni pikapu ya dizeli ya Aicha Salumu, mjane wa miaka hamsini anayeishi kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Mumewe aliinunua Kindu, akafia njiani wakati wa kukimbia. Aicha akaendelea na safari hadi Malawi akiwa na pikapu hiyo, turubai moja, na shemeji yake Amani kwenye usukani. Sasa hununua usipa, dagaa wa ziwani, huko Salima na kuwauza kambini na hapa Kawale. Kutoka Salima barabara hupanda milima, na mzigo wa samaki haungoji.

Mwaka huu wa 1996 ulipoanza, ekzosi ya pikapu ilioza kwa kutu. Amani, mwenye umri wa miaka ishirini na sita na mpenda mlio, akafunga bomba pana la lori bovu, bila sailensa. Pikapu ikawa inapanda kama imetiwa pilipili.

Kisha presha ikaanza kupanda yenyewe. Kadiri injini ilivyozunguka, ndivyo hewa ilivyozidi kusukumwa, bila kikomo. Mara mbili mpira wa hewa ulipasuka mlimani. Mara ya tatu gasketi ya silinda hedi iliungua, na usipa wakalala barabarani kwenye mvua hadi wakatoa funza. Aicha akasema waziwazi: ikishindwa mlima mara moja tena, anaiuza kwa mtu wa mtaa wa Area 18 aliyetaka kuivunja auze vipande.

"Akiiuza, mimi nitaendesha nini? Punda?" anauliza Amani, ambaye amekuja kuangalia kazi na amekalia tairi.

"Punda atakukataa," Yakubu anamjibu bila kuinua kichwa. "We njo uliharibu. Bomba kama shimo ya choo!"

"Gari inapaswa kupumua, kaka."

"Ilipumua mpaka ikatapika."

"Basi unataka niendeshe gari ya kunong'ona, kama ya bakubwa ba serikali kule Capital Hill?"

Yakubu anacheka, kisha anaeleza. Bomba pana liliufungulia moshi njia, gurudumu likazunguka kwa kasi ambayo waliotengeneza turbo hawakuipigia hesabu. Naye mwanzoni alidhani kifuniko kimekwama, akarekebisha ufito wa chuma unaokivuta. Haikusaidia. Ndipo akakifunga kwa waya kikae wazi moja kwa moja, yeye na Amani wakatoka na gari hadi barabara ya Salima. Presha ikapanda vilevile.

"Hapo nikajua," anasema. "Mlango iko wazi kabisa, lakini bantu ni bengi kuliko mlango."

Angeweza kuanza kukata siku hiyohiyo. Hakukata. Aliifunga nyumba ya turbo kwenye kitenge cha mkewe Anifa, akapanda matola, yaani gari la mizigo linalochukua abiria, akaenda Dzaleka. Marehemu baba yake, aliyekuwa fundi wa wafanyabiashara wa Maniema, alimfundisha kwamba mali iliyoachwa na marehemu ni amana: fundi haipunguzi hata kwa upana wa ukucha mpaka mwenyewe atamke, tena mbele ya mtu wa tatu.

Alimkuta Aicha akichambua usipa kwenye mkeka, nje ya nyumba yake ya udongo, karibu na majengo ya zamani ya gereza. Anifa, ambaye huishi humo kambini, akaja kuwa shahidi.

"Weka kidole, mama," Yakubu alimwambia.

Aicha akafuta mkono kwenye kanga, akaingiza kidole gumba. Kikakwama.

"Nataka viingie viwili. Lakini gusa hapa." Akampeleka kwenye ukuta mwembamba kati ya tundu na njia ya gurudumu. "Unasikia kama unywele? Ni ufa. Nitakata upande ingine, mbali nao. Chuma kikiamua kupasuka, kitapasuka, na mi sitakuwa na cha kukurudishia."

"Na usipokata?"

"Narudisha bomba nyembamba. Itakuwa salama, lakini mlimani utabeba nusu ya mzigo."

"Nusu ya mzigo inalipa mafuta, hainilipi mimi." Aicha aliugusa tena ule ufa. "Ingekuwa yako?"

"Yangu ningeikata. Lakini si yangu, mama."

Aicha alimtazama Anifa, kisha akautazama mkono wake mwenyewe uliojaa magamba. "Kata," alisema. "Anifa amesikia. Ukiivunja sitakulaani. Ila usiniletee uongo."

Wapo wanaosema watu wa kambini hukunja mikono na kungoja mahindi ya mgao. Waje Kawale waione mikono hii. Kona anayofanyia kazi Yakubu hailipii kwa fedha. Huilipia kwa kutengeneza breki za gari la mwenye kiwanja.

Tundu sasa ni pana, na kifuniko cha zamani hakilitoshi. Yakubu anaokota vali kuukuu ya ekzosi ya lori, anakata kichwa chake, anakichomelea kwenye mkono wa kifuniko. "Hii ilizaliwa ndani ya moto, haiogopi." Anapaka dawa ya kusagia vali na kuanza kukizungusha juu ya tundu, kushoto na kulia, mpaka chuma na chuma vinaoana. Anamimina mafuta ya taa juu yake, anasubiri. Halidondoki hata tone.

Siku tatu baadaye, pikapu inaondoka Salima ikiwa imejaa magunia ya usipa. Amani anaendesha, Yakubu yuko dirishani. Katikati ameketi Aicha, amepakata geji ya presha iliyotolewa kwenye kompresa kuukuu, iliyounganishwa na injini kwa mpira mwembamba. Juu ya kioo chake kuna mstari mwekundu wa rangi ya kucha, kikomo ambacho mshale haupaswi kukipita.

Milima inaanza. Amani anapunguza gia. Mluzi wa turbo unapanda, na mshale nao unapanda, unafika kwenye mstari, unaupita kidogo.

"Hapa njo mpira ulipasuka," Amani anasema kwa sauti ndogo.

"Endesha," Aicha anamwambia. Kisha, baada ya kona: "Umelala."

"Nani amelala, shemeji?"

"Mshale, mjinga wewe! Umerudi kwenye mstari, umelala hapo."

Amani anapiga honi, ingawa barabara haina mtu.

Juu ya mlima Yakubu anaomba wasimame. Akiwa chini ya boneti, anasimulia kwamba ameomba kipande cha ardhi kando ya njia ya kuingilia kambini Dzaleka. Hajajibiwa bado. Anataka paa, jiriwa mbili, na vijana wa kufundisha, ili Anifa asiendelee kulala peke yake wakati yeye yuko Kawale.

Anamulika turbo kwa tochi kwa muda mrefu. Aicha ameshuka, amesimama nyuma yake.

"Imepona?" anauliza.

Yakubu anazima tochi na kumgeukia.

"Imepanda mlima, mama. Kupona ni neno ingine. Ule ufa haukuongezeka leo, lakini siku moja utaongezeka. Mbele ya kila safari ya Salima nitaifungua niutazame kwa macho yangu. Na siku haitaweza tena, nakuahidi, utaambiwa na mimi, nyumbani kwako, mbele ya kupakia hata gunia moja."