Nilivyomfungia Mnunuzi wa Dhahabu Ofisini

Jamani, bora niseme mwenyewe kabla Geita nzima haijawasimulia.

Mzee Masanja, mnunuzi wa dhahabu, aliniita nimfungie kitasa cha umeme ofisini. Akibonyeza kitufe, koili inavuta komeo na mlango unafunguka. Vipuri nilinunua kwa Mama Kulwa, akaniongezea diodi ndogo niifunge kwenye koili. Nilipoipima nikaona kwa upande aliosema haipitishi umeme hata kidogo. Nikaitupa, nikajiona mjanja.

Mlango ulifunguka mara mbili. Mara ya tatu transista, ile swichi ndogo inayowasha na kuzima koili, ikaungua na mlango ukagoma, Mzee Masanja akiwa ndani, na wachimbaji wenye mali yao wamejaa nje. Kitasa cha zamani nilishaking'oa.

"Transista za Mama Kulwa ni feki!" nikatangaza.

Mzee akampigia simu. Mama akaja amefura.

"Shikamoo, mama."

Akapita hadi mlangoni. Alifungua kiboksi changu cha nyaya kilichokuwa nje ya mlango, akachungulia. "Diodi iko wapi?"

"Niliitupa. Ilikuwa haifanyi kazi."

"Kazi yake ni pale unapozima! Koili ikikatiwa umeme ghafla inapiga teke. Diodi inaupa ule umeme njia ya kuzunguka kwenye koili mpaka uishe. Wewe umeitupa, teke lote limekwenda kwenye transista yangu."

Wachimbaji wote wakanigeukia. Mzee Masanja akasogeza uso kwenye nondo za dirisha.

"Fundi," akasema kwa upole, "usiondoke. Mlango ukifunguka, na mimi nina teke langu."