Kikombe Kilipogeuka Njano

Walimwita Bi Viputo kwa sababu alihesabu viputo kwa sauti, kama muuguzi anavyohesabu mapigo ya moyo. Gesi ya kaboni aliijua tangu usichana. Baba yake alikuwa akijaza mitungi ya kuzimia moto, na siku moja gesi ilivuja karakana ikiwa imefungwa. Binti ndiye aliyemkuta sakafuni, akamburuta nje. Mzee alipona. Lakini tangu siku hiyo, mtu aliyesema "si hewa tu?" alipoteza heshima yote machoni pake.

Kwa miaka tisa alitunza tangi la samaki na mimea katika chumba cha kungojea cha daktari wa meno. Mimea hula gesi ya kaboni taa zikiwaka, kwa hiyo aliipitisha majini kutoka mtungi wa kabatini, kiputo kimoja kwa sekunde, na taa zikizimwa gesi nayo ilifungwa. Ndani ya tangi alining'iniza kikombe kidogo cha kioo chenye maji ya kupimia. Yakiwa bluu gesi ni haba, kijani inatosha, njano ni hatari.

Jumanne moja, saa sita mchana, aliingia na ndoo yake akakuta samaki wote wamepanda juu, midomo wazi, wanatweta. Kikombe kilikuwa njano kama limau. Viputo vilimiminika bila hesabu, na pampu inayowapulizia samaki hewa ilikuwa imechomolewa.

Alifunga gesi, akachomeka pampu, akaanza kubadilisha maji, ndoo baada ya ndoo. Wagonjwa walimtazama huku wameshika mashavu. Samaki kumi na wanne hawakuamka tena.

"Nani kagusa hapa?"

Msimamizi wa kliniki, shemeji yake daktari, alijikohoza. "Mimi. Kuna wageni leo, nikaongeza gesi ili mimea imeremete. Na ile pampu ina kelele. Lakini bibie, nilikiangalia kikombe, kilikuwa kijani."

"Kikombe kinachelewa saa mbili nzima. Samaki hawachelewi. Ungewatazama wao."

"Sasa si hewa tu?"

Bi Viputo aliweka ndoo chini taratibu. "Ni hewa unayoitoa puani mwako. Jifungie kabatini na mtungi huo, uje unihadithie."

Daktari alitoka, barakoa ikiwa kidevuni. "Mama, punguza jazba. Ni samaki tu."

"Daktari, ukimzidishia mtu ganzi asiamke, utawaambia ndugu zake lilikuwa jino tu?"

Mzee mmoja mwenye shavu lililovimba alicheka, kisha akaguna kwa maumivu.

Daktari alimgeukia shemeji yake. "Watoe samaki waliokufa. Wewe mwenyewe."

Aliwatoa mmoja mmoja kwa wavu, tai ikilowa, wageni wakiwa tayari mlangoni.

Kesho yake Bi Viputo alitia kufuli kabatini, akamkabidhi daktari ufunguo mmoja na karatasi ya maelekezo. Miezi miwili baadaye msimamizi aliomba afundishwe. Alimfundisha kila kitu, hata namna ya kutazama mashavu ya samaki yanavyopumua, kwa sababu samaki hawakuwa na kosa. Lakini salamu za msimamizi alizijibu kwa kutikisa kichwa tu. Alipoulizwa na binti yake kama amemsamehe, alisema, "Bado. Na sina haraka."