Mihuri Miwili, Meza Moja

Shemeji yangu, mume wa dada, ni mtu wa forodha, na kwa ubishi hana mpinzani. Hapana, anaye mmoja: Jirani, ofisa wa forodha wa nchi ya pili. Zamani kila mmoja alikuwa na kibanda chake, upande wake wa mpaka. Kisha wakubwa wakakaa, wakala, wakashiba, wakakubaliana kuwa sisi ni ndugu, kwa hiyo maofisa wote wakae jengo moja, msafiri asimame mara moja tu. Jengo lenyewe nalifagia mimi.

Ndugu! Walipewa meza moja, na ugomvi ukaanza siku hiyohiyo: nani agonge muhuri kwanza? Kila mmoja aliamini kuwa bosi ndiye anayegonga mwisho.

"Anza wewe," husema shemeji, akisukuma karatasi.

"Aa, mgeni ndiye huanza."

"Mgeni nani? Mimi?"

Karatasi huenda na kurudi, huku nje madereva wanatutukana na nyanya zao zinaoza.

Adhuhuri moja gari likafunga breki mlangoni. Ndani alikuwamo binti wa shemeji na dada, kwa hiyo mwanangu mimi pia, uchungu umemshika, mtoto amekaa vibaya, zahanati yetu imenyoosha mikono. Hospitali ya karibu yenye chumba cha upasuaji iko ng'ambo, kwa akina Jirani.

Shemeji akashika karatasi ya kumvusha. Akagonga kwanza. Yeye! Makubwa haya. Akamsukumia mwenzake. "Nakuomba, bwana. Mwanangu atakufa."

"Karatasi ya nini sasa?" Jirani akafoka. "Una wazimu? Panda gari!" Akamwondoa dereva kwenye usukani, akaendesha mwenyewe, maana njia za kwao anazijua.

Wakaniachia ofisi, mimi na fagio langu. Madereva wakaja juu, nikawaeleza kilichotokea, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyetukana. Mmoja akanivutia kiti. Nilikuwa na hofu jamani.

Jioni simu ikalia. Shemeji alikuwa analia na kucheka kwa pamoja.

"Shemeji, wote wazima! Tumepata msichana!"

Kabla sijajibu, nikamsikia Jirani nyuma yake akimkaripia nesi: "Nipeni na mimi nimbebe! Kwani babu ni huyu peke yake?"